Nyota za kona moja zinavutika? Kabla hujashika skrubu, zungusha kamera kwanza (uzi wa mwinamo wa kihisi)

#1 Kilimia_Dom (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nimeahidi mara kadhaa kwenye nyuzi za wenzangu kwamba nitaandika kuhusu mwinamo wa kihisi cha kamera, ile sensa inayopokea mwanga. Leo nimepata nafasi. Uzi unawahusu wanaopiga picha za anga kwa darubini, hasa aliyetoka kwenye kamera yenye kihisi kidogo akahamia kikubwa, akakuta kona moja ya picha haitulii hata afanye nini. Someni pole pole, maana nimepoteza kiangazi karibu kizima kwa jambo hili na sitaki mwingine apoteze.

Mimi niko Dodoma. Napigia nje ya mji, upande wa kuelekea Kongwa, kwenye shamba la mtama ambalo mwezi wa 7 linakuwa limeshavunwa. Wakati huo, saa nne usiku, Nge anakuwa karibu na utosi na Njia ya Maziwa imejaa nyota kiasi kwamba huna haja ya kutafuta mahali pa kujaribia. Darubini yangu ni ya lenzi, kipenyo milimita 80, na flatena (lenzi ya nyuma inayonyoosha uga wa picha) inayopunguza urefu wa fokasi hadi milimita 384. Uwiano wa f (urefu wa fokasi gawa kwa kipenyo) unakuwa f/4.8. Kamera ina kihisi cha Sony IMX571: milimita 23.5 kwa 15.7, pikseli za mikroni 3.76.

Picha ya kwanza niliyofungua kwenye kompyuta ilikuwa hivi: katikati nyota zimetulia, duara kama punje za mtama. Kona ya juu kushoto nazo si haba. Kona ya chini kulia zimevutika kama mbegu za tikiti, zote zikilalia upande mmoja. Nikarudia fokasi. Kona ya chini kulia ikapona, ya juu kushoto ikaharibika. Nikajua hapo hakuna suala la fokasi tena.

Kinachotokea ni rahisi kukieleza. Mwanga uliopita kwenye lenzi unakutana kwenye bapa moja lisiloonekana nyuma ya darubini, na kihisi kinatakiwa kilale sambamba na bapa hilo kama sinia juu ya meza. Ukipenyeza kipande cha karatasi chini ya ukingo mmoja wa sinia, upande huo unanyanyuka, na kwenye picha upande huo unatoka kwenye fokasi.

Karatasi yenye unene gani inatosha kuharibu? Kuna hesabu inayotumika kukadiria kina cha fokasi, yaani nafasi ya mbele na nyuma ambamo nyota bado inaonekana kali: 4.88 mara urefu wa wimbi la mwanga mara uwiano wa f uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa mwanga wa kijani wa mikroni 0.55, darubini ya f/7 ina kina cha mikroni 131. Ya f/4.8 kama yangu, mikroni 62. Ya f/2.8, mikroni 21. Ya f/2, mikroni 11 hivi. Sasa chukua karatasi ya kawaida ya A4 ya ofisini. Unene wake ni kama mikroni 100. Kwa hiyo karatasi moja chini ya upande mmoja wa kamera inatosha kunitoa nje kabisa, na mwenye f/2 anaharibikiwa na uchafu ambao hata macho hayauoni. Ndiyo maana mtu anatumia darubini ya f/7 na kihisi kidogo miaka mitano bila kujua kuna kitu kinaitwa mwinamo, halafu anabadilisha vifaa na kuona kama amenunua takataka. Mwinamo alikuwa nao siku zote, ila ulikuwa umejificha ndani ya kina cha fokasi.

Kabla ya kulaumu mwinamo, ondoa mashaka mengine. Nyota zikivutika upande mmoja picha nzima, katikati ikiwemo, huo ni ufuatiliaji wa anga: maunti (kitako kinachoizungusha darubini kufuata nyota) haifuati vizuri, au kuna upepo, au mhimili haujaelekezwa sawasawa (na sisi wa huku kusini ya ikweta tunajua taabu yake, maana nyota ya kaskazini imezama na ya kusini ni hafifu). Kona zote nne zikiharibika kwa namna moja, hilo ni suala la umbali kati ya flatena na kihisi. Mwinamo una alama yake: upande mmoja unaharibika huku upande wa pili ukiwa mzima, na ukisogeza fokasi kidogo vinabadilishana.

Sasa nije kwenye kosa, na ndilo lililonifanya nifungue uzi huu.

Kamera yangu ina bamba la kurekebishia mwinamo kwa mbele, lenye skrubu tatu za kusukuma na tatu za kuvuta. Nilichukua alenki nikaanza kukaza na kulegeza huku naangalia kona. Usiku wa kwanza nikapata nafuu. Wiki iliyofuata nikageuza kamera ili kitu nilichokuwa napiga kikae vizuri kwenye fremu, tatizo likarudi. Nikarekebisha tena. Likaondoka, likarudi kwenye kona nyingine. Usiku wa nne nilikaa na tochi nyekundu mdomoni hadi saa tisa na nusu alfajiri, na mwisho nilikuwa sikumbuki hata skrubu ipi ilianzia wapi.

Nilikuwa najaribu kunyoosha vitu viwili kwa skrubu ya kitu kimoja. Mwinamo unaweza kukaa ndani ya kamera, kihisi hakikulala sawa na uso wa mbele wa kamera. Unaweza pia kukaa upande wa darubini: bomba la fokasa (sehemu inayosogea mbele na nyuma kutafuta fokasi) linalegea, kiunganishi kinabanwa na skrubu ya pembeni na kusukumwa upande, au flatena yenyewe haikukaa katikati. Picha inakuonyesha jumla yake tu.

Namna ya kuvitenganisha ni hii. Elekeza darubini kwenye eneo lenye nyota nyingi na zilizosambaa sawasawa, juu angani. Piga picha kumi za sekunde 15 hadi 30. Kisha zungusha kamera nusu mzunguko, digrii 180, bila kugusa kingine chochote, rudi kwenye fokasi, piga kumi nyingine eneo lile lile. Linganisha kona za picha, usilinganishe pande za anga:

– Kona mbaya ikibaki ile ile kwenye picha, mwinamo uko kwenye kamera, kwa sababu umezunguka nayo.
– Kona mbaya ikihamia upande wa pili wa picha, mwinamo uko kwenye darubini, kwa sababu wenyewe haukusogea.
– Ikibaki pale pale lakini ukubwa wake ukabadilika, unayo yote mawili. Hapo ndipo nilipokuwa mimi.

Fokasa yangu ina mota, kila hatua ni mikroni 4. Nilitafuta fokasi bora ya kila kona peke yake. Kabla ya kuzungusha: juu kushoto hatua 5,012, juu kulia 5,003, chini kushoto 4,997, chini kulia 4,988. Toka kona hadi kona, juu kushoto na chini kulia, ni hatua 24, sawa na mikroni 96. Baada ya kuzungusha, tofauti kwenye ulalo ule ule ilikuwa hatua 6 tu, mikroni 24, na ilielekea upande ule ule.

Mtu angesema basi, acha kamera hivyo hivyo, tatizo limekwisha. Halikuwa limekwisha. Miinamo miwili ilikuwa inavutana, mmoja unaufuta mwingine. Hesabu yake: jumlisha vipimo viwili gawa kwa mbili, unapata wa kamera: 96 na 24 ni 120, nusu yake 60. Toa kimoja kwenye kingine gawa kwa mbili, unapata wa darubini: 72, nusu yake 36. Kamera mikroni 60, darubini mikroni 36. Zikielekea upande mmoja nina 96, zikipingana nina 24. Kila nilipogeuza kamera ili kupanga fremu nilikuwa nachanganya upya hesabu hiyo. (Hii ni kwa ulalo mmoja. Ulalo wa pili unaufanyia vivyo hivyo.)

Nilianza na darubini. Kamera ilikuwa imeshikwa kwa shingo ya inchi 2 iliyobanwa na skrubu moja ya mkono, na skrubu moja inasukuma chuma upande mmoja wakati wote. Nikaiondoa shingo, nikaweka kiunganishi cha kufungwa kwa nyuzi za skrubu za milimita 48 (M48). Nikarudia jaribio la kuzungusha mara tatu, tofauti ikawa haipimiki.

Ndipo nikagusa skrubu za kamera, safari hii mchana, mezani. Skrubu zangu ni M3, mzunguko mmoja kamili unasogea milimita 0.5. Zimekaa tatu kwenye duara la kipenyo cha milimita 60, kwa hiyo toka skrubu moja hadi mstari unaounganisha mbili zilizobaki ni milimita 45. Ulalo wa kihisi ni milimita 28.3. Kuondoa mikroni 60 kwenye ulalo, skrubu inatakiwa isogee 60 mara 45 gawa kwa 28.3, kama mikroni 95. Chini kidogo ya moja ya tano ya mzunguko! Mimi usiku ule wa kwanza nilikuwa nazungusha nusu mzunguko kwa mkupuo, mikroni 250, naruka kushoto na kulia mwa lengo bila kulikanyaga.

Na hapa namshukuru fundi pikipiki wa mtaani kwetu. Aliniazima fila, zile bamba nyembamba anazopimia tapeti, kila moja imeandikwa unene wake. Niliweka alama A, B na C kwa kalamu ya maka pembeni ya skrubu, nikapima mwanya wa bamba la kamera kwenye kila alama. Penye A fila ya 0.50 ilipita kwa kukwaruza kidogo. Nikalegeza ya kuvuta, nikakaza ya kusukuma kidogo kidogo hadi 0.60 ikapita kwa mkwaruzo ule ule, nikafunga. Nikaandika kwenye daftari. Usiku nikapiga: tofauti kubwa kuliko zote kati ya kona ni hatua 3, mikroni 12. Ninao mikroni 62 wa kutumia, sikugusa tena.

Mwanya ule nikauzungushia tepu nyeusi ya umeme, maana mwanga wa pembeni unapenya humo. Skrubu nikazidondoshea rangi ya kucha.

Karibuni kwa maswali.

---

#2 Mwambao_254

Ahsante sana ndugu yangu kwa maelezo marefu, nimesoma mara mbili. Mimi niko pwani, Kilifi. Natumia kamera ya kawaida ya Canon na darubini ndogo ya lenzi ya f/5. Kwangu kona zote nne mbaya, lakini kulia ni mbaya zaidi. Sasa hapo ni umbali ama ni mwinamo? Na mota ya fokasa sina, nazungusha kwa mkono. Nitajuaje hizo hatua?

---

#3 Kilimia_Dom

Karibu Mwambao. Kwa maelezo yako una vyote viwili, na utaanza na umbali, kwa sababu umbali ukiwa mbaya kona zote zinapiga kelele na huwezi kusikia mwinamo.

Flatena nyingi zinataka milimita 55 toka uso wake wa nyuma hadi kwenye kihisi. Canon ya kioo (DSLR) ina milimita 44 ndani yake, pete ya T (inayounganisha kamera na darubini) inaongeza 11, jumla 55. (Nikon ya kioo ni 46.5, na pete yake 8.5.) Lakini ukiweka filta katikati, kioo kinausogeza mwanga nyuma kwa karibu theluthi ya unene wake, kwa hiyo filta ya milimita 2 inataka uongeze kama 0.7. Pima kwa kalipa, usiamini maandishi ya sanduku. Kwa kawaida nyota za kona zikivutika kuelekea katikati, kama miale, kihisi kiko karibu mno na flatena, ongeza spesa (pete ya kuongeza umbali). Zikizunguka katikati kama watu waliozunguka ngoma, kiko mbali mno, punguza.

Kuhusu mota: huihitaji. Weka kona moja kwenye fokasi kwa macho, piga, sogeza fokasi kidogo sana, piga, hivyo hivyo picha nane au kumi toka upande mmoja wa fokasi hadi wa pili. Halafu uone kona ipi inakuwa kali kwenye picha ya ngapi. Zote nne zikiwa kali kwenye picha moja na katikati kwenye nyingine, huo ni mpindo wa uga, yaani umbali. Kulia ikiwa kali kwenye picha ya tatu na kushoto kwenye ya saba, huo ni mwinamo. Hutapata mikroni lakini utapata ukweli.

Programu za kupimia: ASTAP ni ya bure, ina kipengele cha kukagua picha kinachochora umbo la kihisi, na umbo likipinda unaona limepinda wapi. Siril nayo ya bure, ina amri inayoitwa tilt, unafungua picha moja unaiandika inakupa tofauti kati ya kona nzuri na mbaya. Anayeendesha vifaa kwa N.I.N.A. aweke nyongeza ya Hocus Focus, inafanya fokasi ya kila kona yenyewe. Usihukumu kwa picha moja. Hewa ikichemka kidogo vipimo vinaruka, chukua picha kumi uangalie ya kati.

---

#4 FundiKereza

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Mimi si mpiga picha wa nyota, ni mkereza vyuma, kuna mteja ananiletea viunganishi vya darubini ndio nikaingia humu. Mleta uzi umesema kweli kuhusu skrubu ya pembeni. Nina la kuongeza.

Watu wanadhani nyuzi ndizo zinazonyoosha kiunganishi. Hapana. Nyuzi zinavuta tu, zina uwazi wake. Kinachonyoosha ni bega, ule uso bapa unaokutana na uso wa mwenzake unapokaza. Bega likiwa na kiburungutu cha chuma, mchanga, au unywele, umeshainamisha. Unywele wa mtu ni mikroni 50 hadi 100, nyie mnazungumzia 60. Kwa hiyo kabla ya kupima nyota, fungua kila kiungo, futa mabega kwa kitambaa safi na spiriti, pitisha ukucha kwenye ukingo. Ukucha ukikwama pana kiburungutu.

Mkimpelekea mkereza kazi ya spesa mwambieni hivi: uso wa kwanza na tundu vikatwe kwa kufunga mara moja, na uso wa pili ukatwe kazi ikiwa imevikwa kwenye mandreli (fimbo ya chuma inayoshika kazi kwa tundu lake) iliyokerezwa hapo hapo mashineni. Akifungua kwenye chaki (kishikio cha mashine ya kukereza) akageuza kazi na kuibana tena kwa kukisia, uso wa pili hautakuwa sambamba na wa kwanza. Tena viunganishi vingi vyembamba vinabeba makosa yao kila kimoja. Vinne vikiwa na mikroni 20 kila kimoja, ukibahatika vinafutana, usipobahatika ni 80. Bora spesa moja ndefu kuliko nne fupi.

---

#5 MkiaWaNge

Kaka Kilimia, hongera kwa uzi. Mimi nina darubini ya vioo ya Newton, f/4, milimita 150. Kona mbaya inahama kufuatana na ninapoelekeza. Saa mbili iko chini, saa sita iko juu. Nimeshaoanisha vioo mpaka nimechoka. Hilo bamba la skrubu nilinunue?

---

#6 Kilimia_Dom

FundiKereza, marahaba, na ahsante mno. Hilo la bega lingeniokoa mwezi mzima.

Dada MkiaWaNge, usinunue bado. Mwinamo wa kihisi haubadiliki kwa kuelekeza darubini kwingine, chuma kilichokazwa hakijui saa mbili wala saa sita. Kinachohama kinalegea, na kwako naishuku fokasa. Kwenye Newton fokasa inatoka ubavuni mwa bomba, na bomba lenyewe mara nyingi ni bati jembamba. Ukitundika kamera nzito hapo, bati linabonyea. Tena kitu unachopiga kinapovuka mstari wa kati wa anga, ule wa kaskazini hadi kusini, na maunti ikageuka, darubini inalala ubavu wa pili, na uzito uliokuwa unavuta huku unavuta kule.

Jaribu hivi: piga juu kabisa utosini, piga tena kwenye digrii 30 toka upeo wa macho, kisha geuza maunti upige tena pale juu. Kona ikihama, kaza skrubu za kitako cha fokasa, kaza ya kubana bomba lake, na ikibidi weka bamba la alumini ndani ya bomba la darubini kulisaidia bati. Mara nyingi hiyo peke yake inatosha. Utaratibu wa Newton ni huu: fokasa ikae imara na mraba kwanza, halafu vioo vioanishwe, halafu umbali wa korekta ya koma (lenzi inayorekebisha nyota za kona kwenye darubini ya vioo), na mwinamo wa kihisi uwe wa mwisho kabisa. Ukianza na mwisho, kila utakapooanisha vioo utakuwa unabomoa ulichojenga. Kwa f/4 una mikroni 43 tu za kina cha fokasi, kwa hiyo usiharakishe.

---

#7 Jua_Kali

Samahani mkuu, mbona mnajitesa? Siku hizi kuna programu za akili mnemba zinazonyoosha nyota zote za kona kwa kubofya mara moja. Au kata kona, nani anaziangalia?

---

#8 Kilimia_Dom

Swali zuri Jua_Kali na nitalijibu vizuri, maana wengi wanawaza hivyo.

Programu hizo zipo, BlurXTerminator toka 2022 imesaidia wengi, na mimi mwenyewe naitumia mwishoni. Lakini ona kilichotokea kabla haijafika. Nyota iliyopaswa kuangukia pikseli chache imemwagika kwenye pikseli nyingi, na ile hafifu kabisa ikimwagika inazama kwenye kelele ya picha. Programu inaweza kurudisha umbo la duara kwa nyota iliyoonekana. Iliyozama haipo. Vivyo hivyo na michirizi myembamba ya vumbi kwenye Njia ya Maziwa.

Na kuna wanaopima, si kupamba tu. Chama cha AAVSO cha Marekani, kilichoanzishwa 1911, kinapokea vipimo vya nyota zinazobadilika mwangaza kutoka kwa watu kama sisi duniani kote. Unapima kwa kuchora kiduara kuizunguka nyota na kuhesabu mwanga uliomo. Nyota ya kona iliyovutika inamwaga mwanga nje ya kiduara, utaripoti imefifia wakati iko vile vile. Huwezi kupitisha picha hiyo kwenye programu ya kunyoosha halafu ukaiita kipimo.

Kukata ni halali. Ila hesabu: ukikata asilimia 20 ya urefu na 20 ya upana, unabaki na asilimia 64 ya kihisi ulicholipia. Kama hutaki kuhangaika kabisa, ni heri kununua kihisi kidogo toka mwanzo. IMX533 ya mraba wa milimita 11.3 ina ulalo wa 16, na mwinamo wangu wa mikroni 60 kwenye 28.3 ungekuwa 34 tu huko.

Hata wakubwa hawakwepi. Kamera ya kituo cha Vera C. Rubin kule Chile, yenye vihisi 189 na gigapikseli 3.2, imewekwa juu ya miguu sita inayorefuka na kufupika ili kuishika sawa na vioo kila darubini inapohama. Sisi tuna skrubu tatu na fila ya fundi pikipiki, lakini kazi ni ile ile.

---

#9 FundiKereza

Wakuu, yule mteja wangu alinionyesha namna ya kupima kihisi mchana bila nyota. Nimemsaidia kutengeneza kifaa chake, nawapa.

Chukua bamba bapa lenye tundu katikati, liweke juu ya stendi ya urefu wa mita 1. Kamera imezimwa, inalala kifudifudi juu ya tundu, uso wake wa mbele ukigusa bamba. Chini sakafuni weka leza dhaifu, ya miliwati 1, ipige kihisi kupitia tundu kwa mshazari mdogo sana. Mwanga unarudi chini, unaudaka kwenye karatasi. Utaona nukta moja kali ya kioo cha mbele na kundi la nukta zilizojipanga kama gridi, hizo ndizo za kihisi, maana pikseli zake zinatawanya mwanga. Fuata nukta ya kati ya gridi. Zungusha kamera taratibu ikiwa imelala vile vile. Nukta ikikaa pale pale kihisi kimelala sawa. Ikichora duara, kimeinama. Kwa mwinamo wa Kilimia, mikroni 60, kutoka mita 1 duara lina kipenyo cha milimita 8 na nusu, unaliona bila miwani. Kaza na kulegeza skrubu hadi duara life.

Leza usiitazame kamwe, wala inayorudi. Watoto watoke chumbani.

---

#10 Mwambao_254

Narudi na majibu ndugu zangu. Umbali: kalipa ilisoma 53.6, pete niliyouziwa ilikuwa fupi. Nimeongeza spesa, sasa kona tatu zimetulia, imebaki ya juu kulia. Jana mawingu yalifunguka kidogo saa tano nikapata nafasi ya kuzungusha kamera. Kona mbaya imehamia chini kushoto! Kwa hivyo ni darubini, si kamera, sawa?

Nimefuata la FundiKereza nikafungua kiungo kimoja kimoja. Kwenye bega la flatena kulikuwa na chembe ya mchanga imebanwa hadi imeacha kishimo. Nyumba yangu iko hatua chache na ufuo. Nimeutoa, nimesafisha. Kukitulia kusi nitapiga tena.

---

#11 Kilimia_Dom

Sawa kabisa Mwambao, hiyo ni darubini. Pitisha ukucha kwenye kishimo hicho, ukikwama mpelekee fundi akusawazishie ukingo kabla hujakaza tena. Ukipiga, zungusha kamera mara moja zaidi na uweke picha zote mbili hapa, kabla na baada, kona zote nne.